Lindo la Barafu ya Kaskazini na Uamuzi wa Kigali

Alfajiri ya tarehe 15 Oktoba mwaka 2016, baada ya majadiliano ya usiku kucha mjini Kigali, wajumbe wa nchi karibu 200 walikubaliana kupunguza hatua kwa hatua gesi za haidrofluorokaboni, zitumiwazo katika majokofu na mitambo ya kupozea hewa. Makubaliano hayo ni marekebisho ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Tangu siku ile dunia nzima huyaita kwa jina la mji mkuu wa Rwanda.

Huenda askari akauliza: nchi ya milima elfu moja, iliyo karibu na Ikweta na isiyo na bahari, ina shauri gani na barafu ya Ncha ya Kaskazini? Jibu limo katika historia, na historia yenyewe kwa sehemu kubwa ni ya watu wa zamu.

Mwezi Mei 1937, Urusi ya Kisovyeti iliwatua kwa ndege watu wanne juu ya pande la barafu karibu na Ncha ya Kaskazini. Kiongozi wao alikuwa Ivan Papanin, na fundi wa simu ya upepo alikuwa Ernst Krenkel. Kwa muda wa siku 274 pande lile liliwachukua kuelekea kusini hadi pwani ya Greenland. Nao walipima kina cha bahari, hali ya hewa na mwendo wa barafu, wakapeleka taarifa kwa redio. Barafu ilipasuka na kupungua chini ya miguu yao, lakini zamu haikuachwa. Meli ziliwaokoa Februari 1938.

Kisha vikaja vita baridi. Tarehe 3 Agosti 1958 nyambizi ya Marekani, Nautilus, ilipita chini ya barafu katika Ncha ya Kaskazini. Kwa nahodha wa nyambizi, unene wa barafu si jambo la elimu tu: asipoujua, hajui ni wapi aweza kuibuka. Kwa hiyo nyambizi zilichukua vyombo vinavyopeleka sauti juu na kusikiliza mwangwi wake, na vipimo hivyo vikawekwa kuwa siri ya kijeshi. Katika miaka ya 1990, sehemu ya siri hizo ilifunguliwa kwa wanasayansi, na baadhi yao wakasafiri ndani ya nyambizi zenyewe. Mwaka 1999 matokeo yalitangazwa. Katika sehemu zilizolinganishwa, kina cha barafu iliyozama majini mwishoni mwa kiangazi kilikuwa wastani wa mita 3.1 kati ya miaka 1958 na 1976. Katika miaka ya 1990 kilikuwa mita 1.8. Hesabu zilizowekwa kwa ajili ya vita zikawa ushahidi kwa wanadamu wote.

Angani nako kuliwekwa mlinzi. Oktoba 1978 Marekani ilirusha setilaiti ya Nimbus-7. Chombo chake kimoja kilitambua barafu ya bahari hata katika giza la miezi mingi na kupitia mawingu. Tangu mwaka 1987 kazi hiyo iliendelezwa na setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani. Taarifa zao zaeleweka wazi: Septemba 1979 barafu ya Aktiki ilitanda juu ya kilometa za mraba zipatazo milioni 7. Septemba 2012 ilishuka hadi milioni 3.4.

Nimbus-7 ileile ilichukua pia chombo cha kupima ozoni. Mwaka 1985, Waingereza watatu, Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba tabaka la ozoni juu ya Antaktiki lilikuwa linatoboka. Walitumia vipimo vya kituo cha Halley Bay, vilivyochukuliwa kwa subira tangu miaka ya 1950. Setilaiti ikathibitisha. Mkataba wa Montreal ukazuia gesi zilizoiharibu ozoni. Lakini gesi za haidrofluorokaboni zilizoshika nafasi yake, ingawa haziidhuru ozoni, huongeza joto la dunia, na nyingi kati yake hushinda hewa ya ukaa maelfu ya mara kwa uzito uleule. Ufa mmoja ulizibwa, mwingine ukafunguka. Ndio uliojadiliwa Kigali.

Wataalamu wamekadiria kwamba marekebisho ya Kigali, yakitekelezwa kikamilifu, yataepusha ongezeko la joto la hadi nusu digrii ifikapo mwisho wa karne hii. Nusu digrii si jambo dogo. Hewa yenye joto zaidi hubeba mvuke mwingi zaidi, na mvua kubwa huzidi ukali. Haifai kusema kwamba barafu ya kaskazini ndiyo iliyoleta mafuriko na maporomoko ya Mei 2023, yaliyoua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Lakini askari na polisi waliowatafuta watu chini ya matope hawahitaji kuelezwa maana ya mvua kali katika nchi ya milima.

Marekebisho ya Kigali yanataka kila nchi iliyoyaridhia iwe na leseni za kuingiza na kutoa gesi hizo. Kwa kundi la nchi zinazoendelea ambamo Rwanda imo, kikomo cha matumizi kilianza mwaka 2024, na punguzo la asilimia 80 ni la mwaka 2045. Hapo ndipo zamu inapomfikia polisi wa mpakani, Gatuna au Rusumo. Mtungi wa gesi wenye kibandiko cha uongo hauna kishindo cha bunduki, lakini ukipita bila kukaguliwa, sahihi zilizotiwa Kigali hupungukiwa nguvu.

Papanin na wenzake walikuwa wanne tu juu ya barafu inayopasuka, na kila taarifa yao ilihesabiwa. Mlinzi wa mpaka naye, akisoma hati na kuilinganisha na mtungi, anatoa taarifa ya namna hiyohiyo.