Nyeusi ama kromu? Historia ya rangi ya aparei

Vijana wengi siku hizi wanarudi ku aparei za foto za zamani, zile za filme. Na mtu akishapata franga ya kununua moja, swali ya kwanza haiko lensi, haiko hata hali ya mashine ya ndani. Iko rangi: nyeusi, ama ile nyeupe ya kromu? Wauzaji wanakuambiaka kama nyeusi njo aparei ya wapiga picha wa kweli, na bei inapanda juu ya neno hilo tu. Ukifuata historia, unakuta kama neno lenyewe haliko la zamani sana. Mwanzoni mambo ilikuwa kinyume.

Tuanzie Ujerumani, muji wa Wetzlar. Mwaka 1925 kampuni ya Ernst Leitz ilipeleka ku maonyesho ya Leipzig aparei ndogo iliyotengenezwa na fundi wao Oskar Barnack: Leica. Ilikuwa nyeusi. Hakuna aliyeona ajabu, maana karibu kila mashine ya wakati ule ilikuwa nyeusi: cherehani, mashine ya kuandika, simu. Aparei za mbao zilizotangulia nazo zilivikwa ngozi nyeusi. Leica ilikuwa na mwili wa chuma, ikapakwa rangi nyeusi, na sehemu ndogondogo, sawa vifungo vya kuzungusha, zikafunikwa na nikeli.

Hapa kuna jambo la kushika, juu litaturudilia. Chini ya rangi ile, kifuniko kilikuwa shaba ya manjano. Shaba ya manjano iko shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, madini mbili ambazo watu wa Kipushi hawahitaji kufundishwa. Rangi ikikwaruzwa ku kona, unaona manjano inatoka, sawa zahabu.

Halafu kromu ikaingia. Miaka ya 1920 viwanda vilijua vizuri gisi ya kufunika chuma na kromu kwa njia ya umeme. Kromu iko ngumu, haipati kutu, na kucha haiwezi kuikwaruza sawa inavyokwaruza rangi. Leitz walianza kuuza Leica ya kromu mwaka 1933. Wapinzani wao Zeiss Ikon walifanya vilevile: Contax ya kwanza, ya 1932, ilikuwa nyeusi, Contax II ya 1936 ikatoka na kromu. Kwa hiyo mtu wa mwaka 1936 aliyetaka kuonekana wa kisasa alichukua kromu. Nyeusi ilikuwa ya kizamani, aparei ya kaka mkubwa.

Sasa, nyeusi ilirudi namna gani? Haikurudi kwa njia ya mapambo. Ilirudi kwa njia ya kazi.

Mfaransa Henri Cartier-Bresson alianza kutumia Leica mwanzoni mwa miaka ya 1930. Yeye alipiga foto ya watu ku barabara, bila kuwapanga, na alihitaji wasimuone. Kromu inarudisha mwangaza. Mtu anageuka, uso unabadilika, foto imekufa. Basi Cartier-Bresson alifunika sehemu za kung'aa na utepe mweusi wa kubandika. Mimi hii habari inanipendeza kuliko zote. Mtu mwenye jina kubwa vile, aparei ya bei, anaibandika utepe sawa mtu anayefunga mpira wa maji uliotoboka. Aliitaka isionekane, urembo alimwachia mwingine.

Baada ya vita, Leitz walitoa Leica M3, mwaka 1954. Walitengeneza zaidi ya 220,000 na karibu zote zilikuwa za kromu. Nyeusi zilikuwa maelfu machache tu, nyingi zilienda kwa watu wa magazeti. Kabla ya hizo, mwaka 1955, kiwanda kilitengeneza nne za pekee, nyeusi, kwa ajili ya Mmarekani David Douglas Duncan, mpiga picha wa gazeti Life aliyekuwa ku vita ya Korea. Duncan alizitumia kweli, hakuziweka ku kabati. Moja kati ya hizo iliuzwa ku mnada wa Vienna mwaka 2012: yuro 1,680,000. Hesabuni wenyewe ni hektari ngapi za kahawa.

Japani ilifuata njia ileile. Nikon F ya 1959 iliuzwa kwa rangi zote mbili, na nyeusi mara nyingi iliongezwa bei kidogo. Ndani hakuna tofauti. Na wandugu, hapo njo mgeuko wenyewe: kwa miaka 30 hivi, rangi iliyokuwa ya kizamani ikawa alama ya fundi, na kromu iliyokuwa ya kisasa ikawa ya baba anayepiga foto ya watoto siku ya mungu. Chuma ni kilekile.

Niongeze kitu kama mtu wa kilimo. Sisi tunajua nyeusi inafanya nini ku jua. Tunatandika plastiki nyeusi ku shamba la tomate, na udongo unapata moto juu rangi nyeusi inameza mwangaza. Aparei nyeusi iliyoachwa ku meza saa sita ya mchana inafanya vilevile, na filme haipendi joto. Kwa nchi sawa yetu, kromu iko na faida ambayo hakuna muuzaji anayeitaja. Tena, nyeusi ya nje haisaidii foto yenyewe. Kinachosaidia iko nyeusi ya ndani, inayomeza mwangaza usiruke-ruke nyuma ya lensi, na ile iko ndani ya kila aparei, hata ya kromu.

Miaka ya 1970 hesabu ilivurugika zaidi. Leitz walianza kutia kromu iliyo nyeusi badala ya rangi ya kupaka: ngumu zaidi, manjano haitoki upesi. Canon F-1 ya 1971 ilitoka nyeusi. Halafu Canon AE-1 ya 1976, iliyouzwa kwa mamilioni, ilikuwa na kifuniko cha plastiki. Ukiiona ya kromu unafikiri umeshika chuma, kumbe ni plastiki iliyovikwa kromu. Tangu pale rangi haishuhudii tena kitu cha chini yake.

Na watu waliona biashara. Kama nyeusi ya kweli iko chache, basi chukua ya kromu, ivue, ipake nyeusi, uza. Wengine wanasema wazi kama wameipaka upya, na hiyo haiko dhambi. Wengine hawasemi. Wakusanyaji wanalinganisha namba ya ku kifuniko na orodha ya namba za kiwanda, juu macho peke yake hayatoshi.

Lakini mwaka 2015 kiwanda chenyewe kilipita wale wote. Leica ilitoa aparei 125 za dijitali zilizochorwa na mwanamuziki Lenny Kravitz, nyeusi, ambazo kona zake zilikwaruzwa kwa mukono mbele ya kuuzwa, manjano ya shaba ikaonekana. Mnunuzi anafungua karto, aparei haijapiga foto hata moja, na tayari inafanana na ya Duncan. Jasho la mtu wa kazi, limeuzwa bila kazi.

Sikatazi mtu kupenda nyeusi. Mimi pia naiona nzuri. Lakini kama uko na franga kidogo, na mbele yako iko aparei mbili za aina moja, chukua ya kromu, na ile bei iliyobaki ununue filme. Geuza kila kifungo, fungua mgongo, sikiliza mlango wa mwangaza ku mwendo wa polepole, angalia kama lensi haina ukungu. Na kama ni Leica M6, ya 1984 na kuendelea, pitisha kidole ku kifuniko cha juu. Nyingi za hizo kifuniko kiko cha zinki, haiko shaba, na ukikuta vipele vinavyoinuka chini ya rangi, ujue zinki imeanza kuliwa. Vinatoka ku nyeusi na ku kromu vilevile.