Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kinaya cha Vita vya Shela na Ushairi wa Mvita

Methali isemayo "mgeni njoo, mwenyeji apone" hutolewa kama kielelezo cha ukarimu wa Mswahili. Katika siasa za pwani, hata hivyo, aghalabu aliyepona ni mgeni.

Mnamo 1698 Waomani, walioitwa na wenyeji, waliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa baada ya kuizingira kwa miezi 33. Wareno waliondoka, waliowaondoa wakabaki. Katika karne ya 18, ukoo wa Mazrui, uliotawala Mombasa kwa niaba ya Oman, ulikataa kuwatambua Mabusaidi waliotwaa enzi huko Oman, na Mombasa ikajitawala.

Yapata 1812 Mombasa na Pate ziliishambulia Lamu, zikashindwa vibaya katika ufuo wa Shela. Kwa kuhofia kisasi, washindi walimwomba Seyyid Said wa Oman awalinde. Naye hakukawia kuwapelekea liwali na askari. Hivyo aliyeshindwa alipoteza vita, na aliyeshinda akapoteza mji.

Mombasa nayo haikupata funzo. Mwaka 1824 Mazrui waliomba ulinzi wa Uingereza, na Kapteni Owen akawapandishia bendera. Serikali yake haikuuridhia mpango huo, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mwaka 1837 Seyyid Said aliutwaa mji, na wakuu wa Mazrui wakakamatwa na kuhamishwa. Bendera ile ilirejea mwaka 1895, safari hii bila kuombwa. Mbarak bin Rashid, Mmazrui, ndiye aliyeipiga vita, naye akashindwa.

Mkasa huu ndio mazingira ya tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata 1840, na za Zahidi Mngumi wa Lamu. Uhakiki uliozoeleka huzichukulia tungo hizo kuwa majigambo ya miji miwili hasimu, na mhakiki huelekea kuchagua upande. Zikisomwa pamoja, linajitokeza jambo jingine. Malenga hawa walikuwa na lugha moja, dini moja na kanuni zilezile za vina na mizani. Ujirani huo ndio uliozipa dhihaka zao makali, kwani anayejua pa kumchoma mtu ni jirani yake. Ni kweli kwamba Muyaka alimkejeli Seyyid Said pia. Lakini kejeli dhidi ya mtawala ilikuja wakati dhihaka dhidi ya ndugu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kumsoma Muyaka kama shujaa wa Mvita pekee, au Zahidi kama sauti ya Lamu pekee, ni kuvirudia vita vya Shela darasani. Kinaya cha tungo hizo hakimo ndani ya ubeti wa malenga yeyote kati ya hao wawili. Kimo baina yao, mahali ambapo mgeni alipita bila kuulizwa jina.