Zepelini ya Mjerumani haikufika kwetu: soma kabla hujauziwa "kumbukumbu"

Juzi kati pale Mwanga jamaa mmoja alinisimamisha akiniuzia kipande cha bati jepesi lenye matundu. Eti kimetoka kwenye "puto la Mjerumani lililoanguka enzi za vita". Bei elfu themanini. Sikununua, na sababu naieleza hapa ili na wengine wasiingizwe mjini.

Zepelini ni lile puto refu lenye mifupa ya chuma chepesi ndani, injini na chumba cha watu chini. Jeshi la majini la Ujerumani lilikuwa nazo nyingi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Moja tu, L59, ndo ilitumwa kuja huku kwetu. Ilikuwa na urefu wa mita 226, zaidi ya viwanja viwili vya mpira. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917 chini ya kapteni Ludwig Bockholt, imebeba kama tani 15 za risasi, bunduki za rasharasha na dawa za jeshi la Lettow-Vorbeck, ambaye wakati huo alikuwa amebanwa kusini kabisa mwa nchi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda tu. Huku hakukuwa na hidrojeni ya kuijaza tena, kwa hiyo mpango ulikuwa ikitua ivunjwevunjwe yote: kitambaa kiwe mahema na nguo, ngozi ya njia ya ndani ishonwe viatu. Hata ingefika basi, kumbukumbu zake zingevaliwa zikaisha!

Lakini haikufika. Ilipokuwa juu ya Sudan tarehe 23 Novemba ilipokea ujumbe wa redio wa kuirudisha, ikageuza. Ilitua tena Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 angani na karibu kilomita 6,800 bila kugusa chini. Aprili 1918 ililipuka juu ya bahari karibu na Italia, waliokuwemo wote wakafa. Kwa hiyo hakuna kipande cha L59 kilichodondoka Kigoma, Tabora wala Lindi. Anayekwambia vingine anakutania.

Na msije mkadhani utapeli huu ni wa kwetu peke yetu. Mwaka 1916 puto la Kijerumani liliangushwa Cuffley, karibu na London, na Msalaba Mwekundu wakauza vipande vya waya wake kuchangisha fedha za majeruhi. Watu walitangaziwa kuwa ni L21 ya jeshi la majini. Kumbe ilikuwa SL11, ya jeshi la nchi kavu, tena mifupa yake ya mbao. Waya ni wa kweli, jina ndo la uongo.

Picha nazo zina mtego wake. Ile ya zepelini juu ya mapiramidi watu huiuza kama L59. Siyo. L59 ilipita mbali huko magharibi, jangwani, upande wa Farafra na Dakhla. Iliyofika Cairo ni Graf Zeppelin, ya abiria, mwaka 1931. Na wale wanaopima bati kwa sumaku, eti lisipovutwa ni la zepelini, wajue hata sufuria ya mama haivutwi.

Sasa cha kweli kwetu ni kipi? Ndege za majini. Mwaka 1916 Waingereza waliwapa Wabelgiji ndege nne aina ya Short zinazotua majini, wakaziweka ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, zikawa zinakuja kudondosha mabomu hapa Kigoma. Zililenga bandari na ile meli Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ikaletwa vipande vipande kwenye makasha na kuunganishwa hapahapa. Julai mwaka huohuo Wajerumani wakaizamisha wenyewe, injini wameipaka grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikawa Liemba. Wadau, hiyo ndo kumbukumbu yetu kubwa kuliko zote, na wazee wetu wameipanda na magunia ya dagaa.

Ukipata picha ya zamani ya Götzen angalia mzinga wa mbele. Ule wa kweli ulitoka manowari Königsberg, baadaye ukapelekwa vitani nchi kavu na mahali pake pakawekwa wa mbao. Yaani mzinga unaouona unaweza kuwa gogo.

Picha nyingi za vita hivi zilipigwa na Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa akiishi huku, na ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani. Kuna nyingi unaweza kuziangalia bure kwenye intaneti. Kinachoniuma ni maelezo ya picha za wakati ule: afisa ana jina, wetu wameandikwa "askari" au "mpagazi", basi. Kwa hiyo picha iliyoko kwenye sanduku la bibi yako, yenye mtu ambaye bibi anamjua kwa jina, inashinda bati lolote la zepelini.

Usiipeleke kupigwa plastiki, hiyo haitoki tena. Usiibandike kwa gundi. Muulize bibi akiwa na nafasi: nani huyu, mtoto wa nani, alifanya kazi gani bandarini. Andika nyuma kwa penseli laini, siyo kalamu ya wino. Iskani, halafu ya asili irudi sandukuni kwenye bahasha ya karatasi. Akija mnunuzi mpe nakala.

Na ukiokota kitu kama kombora ufukweni au shambani usikigonge na usikipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Weka alama mbali kidogo, kawaambie polisi. Miaka mia na zaidi chini ya udongo haikifanyi kiwe salama.

Mwenye picha ya zile ndege nne, hata iliyochanika, naomba tuwasiliane. Siinunui, naomba niiskani tu, jina la mwenyewe litaandikwa.