Kovu la Figo Halianzii Sahanini: Hoja kutoka Fizi na Baraka

Mtu akishaambiwa ana ugonjwa sugu wa figo, ushauri unaomfikia mapema, kwa majirani na wakati mwingine hata kwa wahudumu wa afya, ni aache samaki na maharage, kwa madai kwamba protini inaua figo. Makala haya yanaupinga ushauri huo kwa wakazi wa Fizi na Baraka, mashariki mwa Kongo. Protini zinazoitia figo kovu ni zile zilizokwisha kupenya kichujio na kuingia kwenye mkojo, na dawa yake si kumnyima mgonjwa ndagala.

Figo nzima huzuia karibu albumini yote. Kichujio kikiharibiwa na kisukari, shinikizo la damu au maambukizi, albumini hupita, na nyuma yake transferini, kingamwili na protini za komplementi. Seli za mirija ya figo huzidaka kwa vipokezi vya megalini na kubilini, huzimeza na kuzivunjavunja. Mzigo ukizidi, seli hizo hutoa kemikali zinazoita makrofaji. Hapo huongezeka TGF-beta, protini ya kupeleka ishara kati ya seli, nayo huchochea fibroblasti kumwaga kolajeni na fibronektini katikati ya mirija. Mishipa midogo ya damu hupotea, oksijeni hupungua, na kovu lenyewe huzaa kovu jingine. Tangu 1990, Border na wenzake walipoonyesha kwamba kuizuia TGF-beta hupunguza madhara hayo kwa panya, sehemu hii ya maelezo haina ubishi mkubwa.

Ubishi uko kwingine. Wapo wanaoshikilia kwamba protini ya mkojo ni dalili tu ya kichujio kibovu, haina kosa lake. Hutaja watoto wenye ugonjwa wa mabadiliko madogo, ambao hupoteza albumini nyingi mno na figo zao zisipate kovu. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba watoto hao hupoteza hasa albumini, bila zile protini kubwa zaidi, na wengi hupona haraka kwa steroidi.

Ushahidi ninaouamini zaidi ni jaribio la REIN la Italia, lililochapishwa 1997. Wagonjwa wasio na kisukari, waliokuwa wakipoteza gramu 3 au zaidi za protini kwa saa 24, walipewa ramiprili, dawa ya shinikizo la damu, au kidonge kisicho na dawa, na shinikizo la damu likadhibitiwa sawasawa pande zote mbili. Uwezo wa kuchuja ulishuka kwa mililita 0.53 kwa dakika kila mwezi kwa waliopata ramiprili, na 0.88 kwa wenzao. Tena, kadiri protini ya mkojo ilivyopungua, ndivyo figo zilivyodumu. Kama protini ingekuwa dalili tu, uhusiano huo ungekuwa mgumu kueleza.

Sahani je? Jaribio la MDRD la Marekani, lililochapishwa 1994, lililinganisha gramu 1.3 na 0.58 za protini kwa kilo ya uzito kwa siku. Kwa wagonjwa ambao figo zao hazijadhoofika sana, halikupata faida ya wazi. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO unapendekeza gramu 0.8, yaani gramu 48 kwa mtu wa kilo 60. Unga wa muhogo una gramu 1 hadi 2 tu katika gramu 100. Mla bugali wa muhogo na sombe kando ya Ziwa Tanganyika, akinyang'anywa ndagala na maharage, atakuwa mbali sana chini ya kipimo hicho, na utapiamlo utamwahi kabla ya figo.

Ugonjwa wenyewe si wa matajiri. Kinshasa, Sumaili na wenzake (2009) waliukuta kwa asilimia 12.4 ya watu wazima 503 waliopimwa. Hakuna sababu nzuri ya kudhani Fizi imesalimika.

Kwa hiyo kile kijiti cha mkojo wanachopimwa wajawazito, ambacho hugeuka kutoka manjano kuwa kijani penye albumini, kitumike pia kwa watu wazima wenye shinikizo la damu au kisukari. Malaria, ambayo Fizi haina msimu wa kupumzika nayo, inaweza kutoa protini ya muda, hivyo kipimo kirudiwe mgonjwa akishapona homa, na tena baada ya miezi 3. Protini ikiendelea kuonekana, enalaprili, ndugu wa ramiprili na ya bei nafuu, ianzishwe. Wajawazito wasipewe, na wengine wapimwe kreatinini na potasiamu ndani ya wiki chache za kwanza.