Mwanafunzi na Picha za Kwao



Mazungumzo yangu nanyi ni juu ya kujifunza sanaa, yaani kuchora, kuchonga, kufinyanga na kutia nakshi. Najua kwamba wako wazazi watakaosema, "Mtoto tumempeleka shule apate elimu, nawe watuletea habari za picha?" Basi sitaanza kwa kuisifu sanaa. Nitawasimulia habari za shule moja, waalimu wake na wanafunzi wake. Kisha ninyi wenyewe mtapima kama jambo hili ni mchezo wa watoto au la.

Katika mwaka 1922, juu ya kilima cha Makerere, katika mji wa Kampala, ilifunguliwa shule ya ufundi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 14 tu, nao walifundishwa useremala, ujenzi na kazi ya mitambo. Hivyo pale Makerere mkono ulitangulia kitabu. Baadaye masomo mengine yakaongezwa, shule ikawa chuo, na mwaka 1949 chuo kile kikaungamanishwa na Chuo Kikuu cha London. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Lakini sisi tulio waalimu twajua jambo ambalo mara nyingi huandamana na maendeleo ya namna hiyo: kadiri kitabu kinavyopanda, ndivyo mkono unavyoshuka. Kijana aliyesoma huanza kuona haya kuketi karibu na mfinyanzi, wala hataki kuulizwa jina la ususi wa mkeka alioulalia tangu utoto wake.

Mwaka 1937 mwanamke mmoja Mwingereza, jina lake Margaret Trowell, alianza kuwafundisha vijana wachache kuchora. Mumewe alikuwa daktari. Bibi huyu alikuwa amekwisha soma sanaa katika shule ya Slade huko London, na njia za kufundisha alijifunza kwa mwalimu mashuhuri Marion Richardson. Tena, kabla ya kuja Uganda alikuwa amekaa Kenya miaka kadhaa, akitazama vibuyu, mapambo ya shanga na vifaa vya nyumbani, na kujiuliza waliovitengeneza walifuata kanuni gani. Kutokana na darasa lile dogo ikazaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo mpaka leo yachukua jina lake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

Njia aliyoitumia ni hii. Hakuweka picha ya Ulaya mbele ya mwanafunzi na kumwambia, "Nakili." Aliwasimulia habari, kwa mfano ya soko, au ya mvua, au ya kisa cha Biblia, akaieleza kwa maneno mpaka kila mmoja akaiona moyoni. Ndipo walipochukua brashi. Kila mtu alichora yale aliyoyaona yeye, na kwa kuwa aliyekuwa akiona alikuwa mtu wa kwao, soko lilikuwa soko la kwao na mvua ilikuwa mvua ya kwao. Katika miaka ya 1940 alilitunza pia Jumba la Makumbusho la Uganda, na mwaka 1953, pamoja na Klaus Wachsmann, alitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za watu wa Uganda.

Kazi hizo za mikono zastahili kutajwa, kwa maana wako wanaodhani kwamba sanaa ilifika huku ndani ya masanduku ya wageni. Waganda hubandua gome la mti uitwao mutuba, wakaliponda kwa nyundo za mti zenye mifuo, wakitumia kwanza nyundo yenye mifuo mipana, kisha ile yenye mifuo myembamba, mpaka gome lenye upana wa shubiri chache likawa nguo pana, laini, yenye rangi ya udongo mwekundu. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ustadi huo kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu. Kule Kondoa, katikati ya Tanzania, yako mapango na miamba zaidi ya 150 yenye picha za watu na wanyama, nyingine za kale sana. Na nani aliyepita Lamu au Unguja asiione milango iliyochongwa? Babu zetu walijua mstari, walijua rangi, walijua kipimo.

Sasa tuwatazame wanafunzi watatu waliotoka Makerere.

Wa kwanza ni Gregory Maloba, aliyezaliwa Kenya mwaka 1922. Yeye alikuwa mchongaji, naye baada ya kuhitimu akawa mwalimu papo hapo chuoni. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, ni yeye aliyetengeneza sanamu ya ukumbusho iliyosimamishwa katikati ya Kampala. Yamwonyesha mwanamke aliyesimama, mwili wake umezungushiwa mikanda, naye amemwinua mtoto juu ya kichwa chake, na mtoto ameinua mikono yake mbinguni. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja huielewa sanamu ile akiitazama. Mama ni nchi iliyofungwa. Mtoto ni ile siku mpya.

Wa pili ni Sam Ntiro, Mchaga wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Picha zake zaonyesha migomba, njia za mlimani, watu wakilima pamoja, wakivuna, wakibeba pombe kwenda harusini. Mmoja hatokezi kuliko wenziwe. Wote wamo kazini. Naye hakufuata ile sheria ya wachoraji wa Ulaya ya kupunguza kila kilicho mbali mpaka kikawa nukta. Migomba yake ya mbali hupanda tu juu ya picha, kama vile mlima wenyewe unavyopanda. Katika miaka ya 1950 alikwenda kusoma katika shule ile ile ya Slade alikosoma mwalimu wake. Watu walidhani atarudi na mkono mwingine. Alirudi na mkono ule ule. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, sasa imo katika jumba la sanaa mpya la New York. Mwaka 1961 nchi yake ilimtuma London kuwa balozi wake, na mchora migomba akaketi pamoja na wakubwa wa mataifa.

Wa tatu ni Elimo Njau, wa Marangu, aliyezaliwa mwaka 1932. Mwaka 1959 alichora picha kubwa tano ukutani mwa kanisa la Murang'a, katika nchi ya Wakikuyu, lililojengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa katika vita vya Mau Mau. Kisa ni cha Injili, tangu kuzaliwa kwa Yesu mpaka kusulibiwa. Lakini nyumba ni za Wakikuyu, vilima ni vya Murang'a, na watu ni weusi. Waliofiwa walioingia mle waliiona Kalvari mahali walipolima mahindi. Mwaka 1965, yeye na wenzake walifungua nyumba ya sanaa mjini Nairobi, wakaiita Paa ya Paa. Mwenye Kiswahili atacheka kidogo: paa yule mnyama, na kupaa kwenda juu. Huko aliwahimiza vijana wasiige kazi ya mtu, kwa kuwa aliiona tabia ya kuiga kama dharau kwa Mungu aliyempa kila mtu macho yake.

Mpaka hapa habari yangu yafanana na hadithi njema isiyo na mwiba. Lakini mwiba upo, nami singekuwa mkweli nikiuficha.

Bibi Trowell aliwazuilia wanafunzi wake sanaa ya Ulaya kwa kuchelea wasiharibikiwe. Nia yake ilikuwa njema. Lakini fikirini: mgeni amesimama mbele ya Waafrika, naye ndiye anayeamua ni kipi kilicho cha Kiafrika na ni kipi kisicho. Mwanafunzi akichora kijiji, husifiwa. Je, akitaka kuchora gari la moshi, au mwili wa mtu kwa vipimo vya madaktari, ataambiwa kwamba hayo si yake? Anayelindwa hivyo ni kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake. Nyumba ni yake kweli, lakini ufunguo umo mkononi mwa mwingine.

Bibi Trowell alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1950, mahali pake palishikwa na Cecil Todd, naye akageuza mambo. Aliwafundisha wanafunzi elimu ya rangi, historia ya sanaa ya Ulaya, na kazi za wachoraji wa siku zake. Hoja yake ilikuwa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu hapaswi kunyimwa maarifa yoyote yaliyo mali ya wanadamu wote. Hoja hiyo nayo ina nguvu. Lakini ina mwiba wake pia, kwa maana mwenye kusoma majina mengi ya wachoraji wa Paris na Florence, asisikie hata jina la mfinyanzi mmoja wa kijijini kwao, mwishowe huamini kwamba kwao hapakuwa na kitu.

Basi mwalimu yupi alikuwa na haki? Nimelifikiri swali hili mara nyingi, kwa sababu kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokwenda kufundisha. Jibu langu nalipata katika kazi za wale wanafunzi kuliko katika maneno ya waalimu wao. Maloba alitumia ufundi wa sanamu uliotoka ng'ambo, na sanamu yake ikasema habari za Uganda. Njau alichukua kisa kilichotoka nchi za mbali, akakipa ardhi ya Murang'a. Ntiro aliziona picha za London kwa macho yake mwenyewe, akachagua kubaki na mlima wake. Hakuna aliyeokolewa kwa kufichwa dunia, wala hakuna aliyepotea kwa kuiona. Kilichowaweka ni kwamba kila mmoja alikijua cha kwao vizuri kabla ya kuchagua. Mtu hawezi kuchagua kati ya viwili ikiwa anakijua kimoja tu. Hapo hachagui, anachukuliwa.

Akina mama wa pwani walitangulia kulielewa neno hili. Itazameni kanga. Kwa miaka mingi nguo hizo zilipigwa chapa Ulaya, Bara Hindi na Ujapani. Lakini pindo lizungukalo, mji ulio katikati, na jina, yaani lile neno lililoandikwa, vilifuata upendo wa wanawake wa huku, na kanga iliyowachukiza ilibaki dukani. Kitambaa kilitoka mbali. Hukumu ilitoka hapa. Hilo ndilo somo zima la sanaa, nalo limefungwa kiunoni mwa mama zetu.

Tena, jambo hili si salama siku zote. Theresa Musoke alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuhitimu katika shule ile, na picha yake ya ukutani imo katika bweni la wanawake la Mary Stuart pale Makerere. Idi Amin alipotawala, tangu mwaka 1971 mpaka 1979, watu wengi wenye elimu waliikimbia Uganda, na Musoke naye aliishi miaka mingi Kenya. Shule ya sanaa inapopoteza waalimu wake, hasara yake haionekani upesi kama daraja lililovunjika. Huonekana baada ya miaka 20, katika mikono ya watoto ambao hawakufundishwa.

Waalimu wenzangu, mwambieni mtoto achore nyumba. Mara nyingi ataleta nyumba yenye dohani ya moshi, ambayo hajapata kuiona ila kitabuni. Msimgombeze. Mpelekeni nje, mkamwambie atazame nyumba yao: paa limeshikwaje, mlango unaelekea wapi, kivuli kinaangukia upande gani saa nane. Mpelekeni kwa msusi wa mikeka, aulize kila ususi waitwaje na kwa nini. Mfinyanzi aje darasani, aketi katika kiti cha mwalimu. Baada ya hayo, mwonyesheni mtoto huyo picha za Ulaya, za China, za Bara Hindi, zote mlizo nazo, wala msiogope. Atazitazama kama mtu atazamaye mali ya jirani, naye ana mali yake nyumbani.

Nanyi wazazi mliouliza faida ya picha, mmesikia. Yule msusi wa mikeka ni mzee, na pengine hana mwanafunzi. Akiondoka, majina ya ususi wake yataondoka pamoja naye, wala hakuna chuo kikuu kitakachoweza kumfundisha mtoto wenu yale ambayo hapana aliyebaki ayajuaye. Mtumeni mtoto kwake wiki hii, huku mwenyewe yungali hai.