Mtumishi wa Bwana na Vijana wa Buta



Wengi wetu tukisikia neno nabii hufikiri juu ya mtu atangazaye mambo yajayo. Lakini utabiri juu ya Mtumishi ateswaye, katika sura ya 53 ya Kitabu cha Isaya, una mizizi yake katika uhamisho wa Babeli, baada ya Yerusalemu kubomolewa mwaka 587 kabla ya Kristo. Ni neno lililozaliwa ukimbizini. Waamini wa Kibondo na Kasulu hawahitaji maelezo marefu hapo.

Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993, Warundi walivuka mpaka kwa maelfu wakaja kwetu. Lugha haikuwa kikwazo, maana Muha na Mrundi husikilizana pasipo mkalimani. Kambini Mtabila, wilayani Kasulu, nilihubiri Jumapili moja kwamba mateso yao ni sadaka impendezayo Mungu. Baada ya Misa bibi mmoja akanijia, akasema: “Padri, sadaka hutolewa. Sisi tulinyang’anywa.” Nilikuwa na shahada ya seminari kuu, wala sikuwa na jibu.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, Jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Waseminari 40 waliuawa.

Tuwe waangalifu hapa, hasa sisi tufundishao katekisimu. Vijana wale hawakutafuta kifo, wala Mungu hakukitamani. Damu yao ilinyang’anywa, kama nyumba na mashamba ya yule bibi. Walichokitoa wao wenyewe ni kule kukataa kumtoa mwenzao. Isaya anamwonyesha Mtumishi akinyamaza kama mwanakondoo mbele ya wamkatao manyoya. Nadhani ukimya wao wa kutotaja kabila ni wa ukoo huo. Naye Kristo, kabla hajakamatwa bustanini, aliomba kikombe kimwepuke. Aliyekubali kukinywa hakukiita kitamu.

Mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua rasmi mchakato wa kuwatangaza wenyeheri. Kambi ya Mtabila ilikuwa imekwisha kufungwa tangu mwaka 2012, na yule bibi sikumwona tena nimpelekee jibu hili, ambalo huenda yeye alilijua kabla yangu.