Elimu ya Kemia na Vijana wa Nchi ya Mbozi

Kabla jina la kemia halijasikika katika nchi iliyo baina ya Vwawa na Tunduma, kazi yake ilikwisha kufanywa huko. Wanyiha walikuwa wafua chuma. Walijenga tanuri za udongo, wakatia humo mbale na mkaa, wakavukuta moto hata chuma kikatengana na taka zake. Mwanakemia husema ya kuwa kaboni ya mkaa ndiyo iliyoiondoa oksijeni katika mbale. Mfua chuma alikuwa na maneno yake mengine, na miiko yake pia, lakini mkaa ulikuwa ule ule. Tena katika kilima cha Marengi lilikuwapo pande la chuma lililoshuka kutoka mbinguni, ambalo mpimaji wa ardhi, W. H. Nott, aliwajulisha wageni habari zake mwaka 1930. Uzito wa kimondo hicho hukadiriwa kuwa tani 16, na vipimo vimeonyesha chuma kiasi cha asilimia 90, na nikeli karibu asilimia 9. Somo la utangulizi lilikuwapo, basi. Aliyekosekana ni mwalimu.

Mwalimu alikuwa mbali mno. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kilianza na sheria peke yake. Kitivo cha sayansi hakikupatikana mpaka mwaka 1965. Kwa hiyo katika miaka minne ya kwanza ya uhuru, kijana wa Mbozi aliyetaka shahada ya kemia hakuwa na budi kwenda Makerere, au Nairobi, au kuvuka bahari. Makerere yenyewe, tangu mwaka 1949, ilikuwa imefungamana na Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zilikuwa za London.

Somo lenyewe lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni utangulizi: atomi, moli, asidi na besi. Hapa mwenye hesabu nzuri hupita salama. Mlango wa pili ni kemia ya kaboni, nao umewazuia wengi waliokwisha kusifiwa. Zamani wataalamu wa Ulaya walidhani kwamba vitu vya miili hai havifanyiki pasipo nguvu ya uhai, mpaka Friedrich Wöhler alipotengeneza urea katika maabara mwaka 1828. Mwaka 1865 August Kekulé akaeleza kwamba atomi sita za kaboni katika benzini hushikana kwa duara. Tangu hapo, mwanafunzi hatakiwi kuhesabu tu. Atakiwa kuona kwa akili umbo asiloweza kuliona kwa macho, na kujua ni wapi litavunjika. Anayekariri majina bila ya kuona maumbo huchoka upesi, na si ajabu.

Na kumbe mfano wake u shambani kwao. Kahawa ya Mbozi ina kafeini, ambayo Friedlieb Runge aliitenga mwaka 1819, na ambayo Emil Fischer aliichunguza muundo wake hata akaiunda mwenyewe. Kila molekuli yake ina kaboni 8, haidrojeni 10, naitrojeni 4 na oksijeni 2. Mtoto aliyechuma kahawa tangu utotoni aweza kumaliza shahada asiambiwe hata mara moja kwamba pete zile mbili zilizochorwa ubaoni zimo katika mfuko wa baba yake.

Sababu moja, na pengine iliyo kubwa, ni lugha. Tangu mwisho wa miaka ya 1960 mtoto hufundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi za serikali, kisha sekondari humgeuzia ulimi. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kipande hata vyuo vikuu. Shauri hilo halikutekelezwa. Wataalamu wa lugha hawakuketi kitako: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Humo neno kukeneka limepewa kazi yake, yaani kuchemsha kiowevu na kuupoza mvuke wake hata udondoke, kazi ambayo wapika gongo waijua vema kuliko wanafunzi wengi. Karatasi ya mtihani bado huandikwa kwa Kiingereza.